Mzigo, Posho na Kombe: Njia ya Mpira Kutoka Simiyu

Mwanzoni mwa mwaka 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulikata nyika kutoka Ituru kwenda ziwani, ukipita katika nchi ambayo leo tunaiita Shinyanga na Simiyu. Uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300. Ulipofika Kagehyi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, tarehe 27 Februari, ulikuwa umekonda. Kuna waliokufa kwa njaa na maradhi, kuna waliouawa katika mapigano ya Ituru, na kuna waliotoroka. Hawa wa mwisho ndio waliomuuma Stanley zaidi. Walikwishapokea malipo ya awali huko pwani kabla hata ya kuinua mzigo, halafu asubuhi moja mzigo uko chini na mwenyewe hayupo.

Stanley aliwasema vibaya sana. Lakini ukiwasoma wanahistoria walioitazama misafara kwa macho ya wapagazi wenyewe, mambo yanageuka. Wanyamwezi na Wasukuma waliobeba pembe na nguo katika karne ya 19 walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye kanuni zao. Mzigo ulikuwa na uzito wake, siku ilikuwa na mwendo wake, posho ilikuwa na kipimo chake. Posho ikipungua, walikaa chini na msafara haukwenda. Mwenye msafara akizidisha ukali, walimwachia mizigo yake porini. Na kijana aliyefika pwani akarudi salama alirudi na vitu viwili kwa mpigo, nguo na jina. Merikani na kaniki alizigeuza mbuzi na ng'ombe, ng'ombe akawageuza mahari. Jina likaingia katika nyimbo. Sijasoma popote kwamba wazee walimweka kikao wakamuuliza kati ya hayo mawili alifuata lipi.

Nimekwenda huko mbali kwa sababu ya mabishano ya mpira. Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunaulizana swali lilelile: mchezaji abaki kwenye timu ya makombe, au afuate fedha hata kama ni kwenye ligi ambayo hakuna anayeitazama? Tunaliuliza kana kwamba limeletwa juzi na matajiri wa Ghuba. Mimi naona lina umri mkubwa kuliko mpira wenyewe, na njia yake inapita Usukuma: kwanza wapagazi, baadaye pamba, mwishowe wachezaji. Nikaamua kuifuata kuanzia Bariadi.

Bariadi inafaa kuanziwa kwa sababu hapa fedha haizungumzwi kwa kunong'ona. Huu ndio mji wa siasa za John Cheyo, Bwana Mapesa, aliyegombea urais mwaka 1995 kupitia UDP akihubiri kwamba Mtanzania anapaswa kuwa na mapesa mfukoni. Wasomi wa Dar es Salaam walicheka. Watu wa huku hawakuona cha kuchekesha, wakakipa chama chake wabunge, na Cheyo mwenyewe akaja kukalia kiti cha Bariadi Mashariki kwa muda mrefu. Mkulima wa pamba anaijua thamani ya noti kwa namna ambayo mwenye mshahara hawezi kuijua: anaishika mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi ukifunguliwa, na kabla haijakauka jasho la mkono wake ada ya shule, deni la mbegu na deni la dawa vimeshaigawana.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Jina limetoka mtoni. Huo ndio mto ambao Stanley aliuandika Shimeeyu na kuutangazia ulimwengu kwamba ni chimbuko la kusini kabisa la Nile. Wataalamu waliofuata wameupa Mto Kagera heshima hiyo, lakini maji ya Simiyu yanaingia ziwani kweli, na ya ziwani yanakwenda Misri. Msomaji aliweke hilo akilini, maana Misri tutafika.

Kabla ya pamba kulikuwa na chumvi. Kutoka upande wa Meatu vijana walikwenda Ziwa Eyasi kuifuata, safari ya kiu na hofu ya kukutana na Wamaasai, na aliyerudi na mzigo wake alikuwa mwanamume mbele ya watu. Nyimbo za njiani zikageuka nyimbo za ngoma. Kulikuwa na vikundi vya kulima, Bugobogobo, ambavyo majembe yake yalicheza kadiri yalivyochimba: mwenye shamba aliwaalika, wakalima kwa mashindano na kwa ngoma, akawalisha na kuwalipa. Na baada ya mavuno jamii mbili kubwa za ngoma, Bagika na Bagalu, zilikabiliana uwanja mmoja. Hakukuwa na refa mwenye kipenga. Aliyevutia umati mkubwa zaidi ndiye mshindi, na kila upande ulikuwa na dawa zake za kuuvuta umati huo. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma mwenye jina, aliitwa kijiji hadi kijiji, na wenyeji hawakumwacha aondoke mikono mitupu. Ukitaka kujua kama Wasukuma waliwahi kuwa na wachezaji wa kulipwa kabla ya mpira, jibu langu ni hilo. Ukitaka kujua kama malipo yalimpunguzia ningi heshima, nadhani yalimwongezea. Ningi asiyealikwa na mtu, ngoma yake ilikuwa na kasoro gani?

Kutoka Bariadi barabara ya lami inakwenda hadi Maswa. Ukitaka kufuata njia ya pamba ya zamani unaiacha barabara kuu na kwenda Malampaka, kwenye reli. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo Malampaka ikawa mlango wa nchi hii. Marobota kutoka kwenye majinari ya Ntuzu na Maswa yalipakiwa hapa. Ng'ambo ya mpaka wa mkoa, upande wa Kwimba, kuna Malya na chuo chake cha maendeleo ya michezo, ambako serikali imekuwa ikifundisha makocha na walimu wa michezo. Watu wengi wanaopita hawajui kwamba kile chuo kimo katikati ya mashamba ya pamba. Mimi naona kimewekwa mahali pake hasa, ingawa sidhani kama aliyekipanga aliwaza ninayowaza.

Maana mpira wa Usukuma ulilipwa na pamba. Hapa sina budi kukaa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake wakawaunganisha, kwanza katika chama cha wakulima, kisha mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa barani Afrika. Uhuru ulikuta mkulima wa Maswa na Bariadi akiwa na chama kinachomiliki majinari. Halafu dola ikasogea karibu zaidi. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Pamba, mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, na pamba yote ikawa na mnunuzi mmoja. Bei ilipangwa juu, na sehemu iliyomfikia mlimaji ikawa inapungua. Katikati ya miaka ya 1980 ushirika ulirudishwa, Mamlaka ikageuka bodi, lakini mkono wa dola ulibaki palepale.

Katika miaka hiyo kila shirika la umma lililojiheshimu lilikuwa na timu. Reli ilikuwa na Reli ya Morogoro, bandari zilikuwa na timu zake, viwanda vya sukari na mashamba ya mkonge vilikuwa na zake, na mgodi wa almasi ulikuwa na Mwadui. Pamba ilikuwa na Pamba ya Mwanza, TP Lindanda, Wana Kawekamo. Sera ilikuwa michezo ya ridhaa. Mchezaji hakulipwa kwa kucheza, alipewa ajira: asubuhi alikuwa mtumishi wa shirika, jioni alikuwa winga. Neno mshahara wa mpira halikuwapo, lakini mshahara ulikuwapo, na mpira ulikuwapo, na kila mtu alijua kilichoviunganisha. Na fedha za safari, viatu na kambi hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka katika pengo kati ya bei ya dunia na ile aliyolipwa mama wa Itilima aliyeinama shambani tangu Novemba.

Ilikuwa timu ya kutisha. Khalfan Ngassa, Kitwana Selemani, Fumo Felician, George Masatu, Hussein Marsha, Mao Mkami aliyeitwa Ball Dancer. Wazee wa uwanja wa Kirumba bado wanayataja majina haya kwa mpangilio wa namba za mgongoni. Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Muungano, na mwaka huohuo, katika Kombe la Washindi barani Afrika, iliibomoa Anse Boileau ya Shelisheli kwa jumla ya mabao 17–1. Ukitafuta kizazi cha wachezaji wa Kanda ya Ziwa waliochagua mafanikio kuliko fedha, ni hiki. Ila hakikuchagua. Fedha haikuwekwa mezani.

Mlango wa nje ulikuwapo kwa wachache. Sunday Manara, Kompyuta, alitoka katika miaka ya 1970 akachezea Heracles ya Uholanzi, kisha Marekani, Austria na Dubai, wakati ambapo nyumbani mpira wa kulipwa ulikuwa unatazamwa kama ubepari wenye jezi. Masatu na Marsha waliondoka Mwanza wakaenda Simba, wakawamo katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kupoteza kwa Stella ya Abidjan. Kwa wengine wengi safari iliishia pale reli ilipoishia.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wanunuzi wengi walimaanisha ushindani wa bei kwa muda, na mizani za ajabu kwa muda mrefu. Kwa timu ya Pamba ilimaanisha yatima. Bodi isiyonunua pamba haina cha kuigawia timu. Mwaka 2001 Pamba ikashuka daraja, na ikakaa huko chini miaka 23. Makombe yamo katika kumbukumbu. Ajira zilizokuja na makombe zilikwenda na shirika.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu wa makamo akimlaumu kijana wa leo kwa kupenda fedha, akisema zamani tulichezea jezi, najiuliza kama anaikumbuka bili au anakumbuka mabao tu. Jezi ile ilikuwa na mlipaji. Alikuwa mkulima asiyeulizwa, na mchezaji aliyevaa jezi hakuachiwa hata mkataba wa kudai kitu siku mlipaji alipoondoka.

Sasa tazama watoto wa wachezaji wale wa Pamba. Mrisho, mwana wa Khalfan Ngassa, alizaliwa Mwanza na akakulia katika dunia nyingine kabisa. Kupitia Kagera Sugar alifika Yanga, akawa mtu wa kutisha pembeni, akaenda kujaribiwa West Ham mwaka 2009 na Seattle Sounders mwaka 2011, ambako aliingia katika mechi ya kirafiki na Manchester United. Mwaka 2010 Azam ilimnunua kwa Sh milioni 58, fedha iliyowafanya watu wasugue macho wakati ule. Basi hapo amefuata fedha? Mwaka 2012, katika nusu fainali ya Kombe la Kagame dhidi ya AS Vita, alifunga bao akiwa na jezi ya Azam, halafu akaenda kushangilia na mashabiki wa Yanga na kuibusu jezi yao. Azam ikamtoa kwa mkopo Simba, kwa watani. El Merreikh ya Sudan ilimtaka, hakwenda. Mwaka 2013 akarudi Yanga, na kwa kuwa alikwisha kuchukua fedha za Simba kwa ajili ya mkataba mwingine, shirikisho la mpira, TFF, likamfungia mechi 6 na kumtaka arudishe Sh milioni 45. Mkono ulikuwa umekwenda Msimbazi kwa Simba, moyo ukabaki Jangwani kwa Yanga.

Mimi Ngassa nampenda kwa hilo, na siwezi kumshauri kijana yeyote wa Bariadi amfuate. Miaka yake bora ilipita kwenye kilomita chache za Dar es Salaam, kati ya klabu tatu zilizovutana kwa ajili yake, wakati ambapo soko la nje lilikuwa linagonga hodi. Aliondoka baadaye kwenda Free State Stars ya Afrika Kusini, mwaka 2015. Alikuwa na miaka 26, na winga anayeishi kwa mbio huwa ameshaanza kuhesabu. Alipendwa, akabeba ubingwa, na bado sisi tuliompenda ndio tuliokuwa wa kwanza kusema angefika mbali kama angekwenda mapema. Mashabiki tuna haki nyingi, ila hiyo ya kumtaka mtu abaki na kumlaumu kwa kubaki imezidi.

Mwana wa Mao Mkami, Himid, alichagua vingine. Mwaka 2018 aliiacha Azam akiwa nahodha na kiungo wa Taifa Stars, akaenda Misri. Hakwenda Al Ahly wala Zamalek. Alikwenda Petrojet, kisha ENPPI, timu za kampuni za mafuta, zenye mashabiki wachache na mishahara inayofika. Baadaye akachezea Ghazl El Mahalla. Hapa nilisimama, nikachukua ramani.

El-Mahalla El-Kubra ni mji wa pamba katika delta ya Nile. Klabu yake ni ya wafanyakazi wa kampuni kubwa ya kusokota na kufuma iliyoanzishwa mwaka 1927. Yaani baba alivaa jezi ya pamba kando ya ziwa ambamo maji ya Mto Simiyu yanaingia, na mwana akavaa jezi ya pamba pale ambapo maji hayohayo yanakaribia bahari. Watanzania wenye kumbukumbu ndefu wanaijua Mahalla kwa sababu nyingine. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikashinda 1–0 nyumbani, ikafungwa 1–0 Misri, ikatolewa kwa penalti. Waliotutoa walikuwa hao wafuma nguo. Nao walikwenda wakapoteza fainali kwa CARA ya Brazzaville.

Tofauti ya Mahalla na Mwanza inanisumbua kuliko nilivyotarajia. Kule kampuni ya dola ilibaki na kiwanda, kiwanda kikabaki na klabu, na miaka karibu hamsini baadaye klabu iliweza kumlipa Mtanzania. Huku tulikuwa na pamba, tulikuwa na mabingwa, na tukaruhusu vyote viondoke kwa treni moja. Himid Mao hana kombe la maana alilolibeba Misri. Ana miaka kadhaa ya kazi ya kigeni katika ligi ngumu. Kwa jicho la mpagazi wa 1875, posho ilitimia na mzigo ulifika.

Lakini njia hii ina watu walioumia, na ingekuwa uongo kuwaficha. Simon Msuva alitoka Yanga mwaka 2017 kwenda Difaâ El Jadida ya Morocco, akacheza vizuri kiasi kwamba mwaka 2020 Wydad ya Casablanca ikamchukua. Huo ulikuwa mchanganyiko ambao kila mchezaji anauota: fedha ya Morocco na klabu ya makombe. Malipo yakasumbua. Mwishoni mwa mwaka 2021 Msuva alikuwa nyumbani Tanzania akidai haki yake, shauri likafika FIFA, na FIFA ikaamua alipwe. Wakati anadai, Wydad ikaendelea na safari. Tarehe 30 Mei 2022 ikaifunga Al Ahly 2–0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Yeye akaenda Al-Qadsiah, wakati huo ikiwa daraja la pili Saudi Arabia, na mitandaoni watu wakamwambia amekwenda kuzeeka jangwani.

Nusu mwaka baadaye ikawa zamu ya Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto aliiwekea Yanga Sh milioni 112 ili avunje mkataba: milioni 100 zilikuwa za usajili, milioni 12 mshahara wa miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe, ni Sh milioni 4 kwa mwezi kwa kiungo bora nchini. TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje. Yanga ikaenda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2–1 nyumbani na USM Alger tarehe 28 Mei 2023, ikashinda 1–0 Algiers tarehe 3 Juni, ikakosa kombe kwa mabao ya ugenini. Hakuna ajuaye kama mashuti yake ya mbali yangebadilisha kitu. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan, akiwakaribisha Yanga Ikulu, aliwaomba walimalize suala hilo, na likamalizika. Fei akaenda Azam.

Watu wawili, klabu mbili kubwa, na kila mmoja alikosa fainali kubwa ya maisha yake kwa sababu ya karatasi. Wanaosema fedha imewanyima makombe wanasoma nusu ya kisa. Msuva hakukosa kombe kwa kuifuata fedha, alilikosa kwa kuwa fedha aliyoahidiwa haikutoka. Fei hakukosa fainali kwa sababu ya tamaa, aliikosa kwa sababu alisaini mkataba ambao miaka miwili baadaye ulikuwa haumfai, na njia pekee aliyoiona ya kutoka ilikuwa ileile ya wapagazi wa Stanley: kuweka mzigo chini usiku. Wapagazi wa karne ya 19 nawaelewa. Mwaka 2022 sijui tulikuwa na kisingizio gani.

Dhidi ya hawa wawili watu huniwekea Mbwana Samatta, wakidhani amenishinda. Samatta alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Kongo, akakaa pale hadi alipobeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 na kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019 kwa mabao 23 ya ligi. Kwa hiyo, wanasema, aliweka kombe mbele na fedha ikamfuata. Sawa. Ila Mazembe ya Moïse Katumbi haikuwa nyumba ya watawa. Ilikuwa klabu tajiri ya mji wa migodi, na kwa kijana wa Mbagala ule ulikuwa mshahara wa kuhama nchi. Fedha na kombe vilikaa klabu moja, akavichukua vyote, kama yule aliyerudi pwani na nguo na jina.

Na kuna Januari 2020, ambayo hawa jamaa huiruka. Samatta aliacha bingwa wa Ubelgiji, timu aliyoifungia bao Anfield miezi miwili na ushee nyuma, akaenda Aston Villa iliyokuwa inapigana isishuke daraja. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City ilishinda 2–1, na kufikia Septemba alikuwa ameshapelekwa Fenerbahçe. Kimafanikio, kutoka kwa bingwa kwenda kwa anayezama ni kushuka. Kifedha ni kupanda. Tanzania nzima ilisherehekea, nami nikiwamo. Hakuna aliyemwita mpenda fedha, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya Kiingereza na inaonekana kwenye televisheni. Msuva akienda Saudi Arabia kwa sababu hiyohiyo anaambiwa amejizika. Mbele ya mambo hayo, naona sisi tunabishania utukufu wetu wa kutazama, na mchezaji anaulizwa mafanikio ili tupate cha kujivunia baa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mchezaji afuate fedha, na aifuate mapema, miguu ikiwa bado na mbio. Lakini aitazame fedha inakotoka, kwa sababu njia hii imejaa mifereji iliyokauka. Si mbali na Maswa, Shinyanga mjini, Stand United ilianzia stendi ya mabasi ikapanda hadi Ligi Kuu, ikapata udhamini mkubwa wa kampuni ya dhahabu ya Acacia, halafu wanachama na viongozi wakagawanyika kuhusu nani mwenye timu, na mdhamini akaondoka. Mchezaji aliyesaini pale kwa sababu ya dhahabu alijikuta na saini bila dhahabu. Mwadui, timu ya almasi, imepanda na kushuka. Klabu yenye mfadhili mmoja ni shamba linalotegemea mvua moja.

Pamba yenyewe imerudi. Mwaka 2024 ilipanda Ligi Kuu kwa jina la Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji la Mwanza, na Kirumba ikajaa tena watu wanaoimba TP Lindanda, wengine hawakuwa wamezaliwa iliposhuka. Jina ni lilelile, ila mkulima wa Bariadi hakatwi tena senti kwa ajili yake. Sasa anayechangia, kupitia ushuru na leseni, ni muuza samaki, mwenye duka, dereva wa daladala. Halmashauri ina baraza la madiwani, na baraza lina uchaguzi kila miaka mitano. Kijana wa Nkololo au Ngulyati atakayepata bahati ya kuitwa Mwanza kusaini, pamoja na kusoma kiasi cha mshahara, asome mkataba unakwisha mwaka gani na bajeti ya jiji inapitishwa na nani, kisha aombe kipengele cha kuondoka kiandikwe kabla ya kupigwa picha na jezi.